Joto Lisilo la Mashine

Mayai yalikuwa yamegeuzwa tena, na fundi hakuwa ameyagusa.

Kila yai alilitia alama ya penseli upande mmoja. Jana aliziacha alama zikitazama juu. Leo zote zilitazama chini.

"We mtoto, umefungua mashine yangu ya kutotolea vifaranga?"

"Baba, sanduku lenyewe linanuka manyoya mabichi," binti yake alijibu toka jikoni. "Nifungue nitafute nini?"

Fundi akasonya. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu, na mtaani walimwita Barafu. Majirani walimcheka: mtu aliyezeeka akipoza vyakula vya watu, joto la kutotoa vifaranga atalitoa wapi? Trei ya kwanza ilitoka viza. Ya pili, viza. Haya yalikuwa mayai ya mwisho ya kuku wa marehemu mkewe; kuku wenyewe ugonjwa wa kideri ulikuwa umewafagia wote.

Mchana umeme ukakatika. Fundi akazunguka mtaa mzima akitafuta jenereta la kuazima, akarudi mikono mitupu. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na saba na nusu. Akachomoa waya wa mashine, akakigonga kipimajoto kwa kucha, akasubiri. Hakikushuka. Ndipo aliposikia, ndani ya sanduku lisilo na kitu ila mayai, mlio wa chinichini wa kuku anayeatamia, kwoo, kwoo, mzito kuliko kifua cha kuku yeyote, ukipanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala, na ile harufu ya manyoya mabichi ikamjaa puani.

Kesho yake akamleta mganga, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliweka sikio kwenye kifuniko, akaliondoa upesi.

"Jini anaatamia," alinong'ona. "Nimtoe?"

"Na mayai?"

"Joto ni lake, baba. Akitoka, yanapoa. Ukimwacha yataanguliwa, ila akimaliza kuwalea vifaranga hawa atatafuta kingine cha kuatamia."

"Mwache," fundi akasema, meno yameumana. "Viza nimechoka navyo."

Vifaranga walitoka wote. Aliwamwagia pumba sebuleni, akawaita kama mkewe alivyowaita kuku wake. Hawakugeuza hata shingo. Walikimbilia kona tupu, wakasongamana kama walio chini ya mbawa, wakafumba macho. Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Manyoya yao yalipokomaa, asubuhi moja aliwakuta wametawanyika wakilia. Akaipapasa ile kona. Ilikuwa ya baridi.

Binti yake akatoka chumbani amechelewa, nywele zimelowa jasho, akijisugua bega.

"Baba, usiku ulikuja kunifunika?"

"Hapana."

"Basi nani alikuwa ananigeuza? Nalala chali, nikishtuka niko kifudifudi."

Nyuma yake, kitandani, godoro lilikuwa bado limebonyea.