Nyumba ya Stesheni Masta

Ilianza na harufu. Nyumba ndogo ya plastiki, inayoenea kwenye kiganja cha mkono, ambayo haijawahi kuona moto tangu itoke kiwandani, ilikuwa inanuka moshi wa kuni.

Aliyeinusa kwanza ni Mama Kasuku, alipoingia chumba cha nyuma kumwita mumewe aje kula. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akatazama dari, akatazama nyaya za taa.

"Baba Kasuku, unaunguza nini humu?"

"Siunguzi kitu."

"Pua yangu haijawahi kunidanganya. Kuna kitu kinaungua."

Mumewe hakuinua kichwa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na mtaani walimwita Fundi Meno. Lakini siku za mapumziko, mikono ileile iliyochonga magego ya wazee ilijenga mji. Mji wenyewe ulikaa juu ya meza moja ndefu: reli iliyozunguka, treni yenye urefu wa mkono, stesheni, ghala, duka la mikate, na nyumba za watu. Majengo yote yalinunuliwa yakiwa vipande ndani ya maboksi. Yeye aliyakata, akayapiga msasa, akayagundisha, akayapaka rangi. Hakuwa mtu wa kufuata picha ya boksi. Boksi likisema ghala, atalipasua ghala katikati, atachukua paa la duka, ataongeza baraza, na mwishowe litasimama jengo ambalo kiwanda chenyewe kisingelitambua.

Kisha alilizeesha. Nyumba mpya inang'aa kama meno mapya, alikuwa akisema, na kitu king'aacho namna hiyo hakuna anayekiamini. Basi alitia michirizi ya maji machafu chini ya madirisha, kutu kwenye mabati, vumbi kwenye ngazi.

"Wenzako wanahangaika kupata nyumba mpya," mkewe alimtania, "wewe yako mpya unahangaika iwe kuukuu. Na mimi je, mwaka huu unanipaka nini?"

"Wewe bado hujahitaji hata mkono mmoja wa rangi."

"Ulimi wako umekuokoa. Njoo ule kabla hakijapoa."

Nyumba iliyonuka ilikuwa ya stesheni masta, na ndiyo kwanza imekamilika. Fundi Meno aliitengeneza ifanane na nyumba ya kweli iliyoko pembeni mwa mji, kando ya reli ambayo haipiti treni tena. Alikwenda huko na futi ya kupimia. Paa lilikuwa limebonyea, madirisha hayana vioo, na kwenye ukuta wa jiko kulikuwa na masizi mazito, meusi, laini kama mahameli. Hakuna rangi ya dukani iliyoweza kutoa weusi ule. Alitoa kijiko chake cha kuchanganyia plasta, akayakwangua, akayatia kwenye kikopo cha kuhifadhia meno, akaondoka akipiga mluzi. Nyumbani aliyasaga, akayapaka kwa brashi kwenye dohani na ukuta wa jiko la ile nyumba ndogo. Baada ya hapo aliziba kuta zote kwa ndani kwa karatasi nyeusi na kuugundisha mlango, kama alivyofanya kwa kila jengo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa darasa la kwanza. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini hakuna aliyelitumia. Aliongea na watu, akaongea na sisimizi, akaongea na uji wake kabla ya kuunywa, ndipo wakamwita Kasuku. Aliruhusiwa kukaa karibu na meza ya mji kwa sharti la kuweka mikono nyuma. Sharti la mdomo hakuwekewa. Siku ile ya harufu, baba yake akiwa anakula, Kasuku alivuta kiti, akaweka mikono nyuma kama alivyofundishwa, akasogeza midomo kwenye dirisha la jiko la stesheni masta, akawasimulia watu wa ndani hadithi za mchana mzima.

Kesho yake aliamka na sauti inayokwaruza. Walimpa maji ya moto na asali. Siku iliyofuata ikawa mnong'ono. Halafu hata mnong'ono ukakatika. Alifungua mdomo, midomo ikatengeneza maneno, na hakuna kilichotoka. Daktari alimmulika kwa tochi.

"Koo la mtoto huyu ni safi kuliko langu," alisema. "Labda amegoma. Nyumbani mmemgombeza?"

Nyumba yao ilikuwa haijawahi kuwa kimya. Sasa vijiko viligonga sahani na mtu akasikia kila mlio wa kijiko. Kasuku alikaa akiwatazama wazazi wake kwa macho makubwa, kama mtu aliye ng'ambo ya mto ambaye hakuna anayemsikia akiita.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha, na mtoto amelala sebuleni, kichwa mapajani kwa mama yake, Fundi Meno aliposikia binti yake akiongea. Aliruka kwa furaha. Kisha akamtazama: mdomo umefungwa, kifua kinapanda na kushuka. Sauti ilitoka chumba cha nyuma. Akaifuata, mkono ukipapasa ukuta, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya moshi ilivyozidi, na sauti nayo ikazidi kuwa wazi, sauti ileile ya Kasuku, nyembamba kana kwamba inatoka ndani ya kikombe, ikisimulia kisa cha paka aliyekataa kuoga, ikisimulia bila kukohoa, bila kuvuta pumzi, bila kusimama pale ambapo mtoto husimama ili aone kama unamsikiliza, na kilipofika mwisho kisa kikaanza upya, na Fundi Meno, akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akaona dirisha la jiko la nyumba ya stesheni masta, lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho, limeingia ukungu kwa ndani, kama dirisha ambalo mtu ameliegemea na anapumua.

"Nani?" aliuliza, na hakujua kwa nini amenong'ona.

Kisa kikakatika.

"Baba," sauti ikasema. "Mbona humu giza?"

Alirudi sebuleni kinyumenyume. Mkewe alikuwa amemkumbatia mtoto, na uso wake umekuwa kama majivu.

"Umesikia?" Fundi Meno alinong'ona.

"Tangu asubuhi."

"Na umenyamaza?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mwanangu nimempakata hapa, na huku anaongea chumba cha pili? Ungeniita mwendawazimu."

"Mpigie simu shangazi yako."

"Yupi?"

"Unajua yupi."

Shangazi huyo walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na watu waliosumbuliwa na majini walimwendea hata kutoka miji ya mbali. Alifika kabla jua halijazama, akiwa hana ngoma wala vichupa, ana mwavuli tu. Alimshika Kasuku kidevu, akamtazama machoni, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akaingia chumba cha nyuma na kuomba kioo cha kukuzia.

Aliitazama nyumba ile kwa muda mrefu.

"Kazi nzuri, mwanangu," alisema. "Hata misumari ya bati umeiweka. Masizi haya umeyatoa wapi?"

Fundi Meno alitaka kusema ni rangi. "Kwenye ile nyumba ya zamani ya reli, shangazi. Jikoni."

"Ulipiga hodi?"

"Haina mtu."

"Haina mtu unayemwona. Jini aliyekaa jiko moja miaka yote hiyo, masizi ndiyo kitanda chake. Umekikwangua kitanda, mwenyewe akiwa amelala juu yake. Baada ya hapo?"

"Niligundisha mlango."

"Na ndani?"

"Karatasi nyeusi. Ili taa za mji zikiwashwa, mwanga usipenye kwenye kuta."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Kwa hiyo umemchukua mtu usingizini, ukamzibia mlango, ukamzimia na taa. Hata mimi ningepiga kelele. Ila yeye hana sauti ya kupigia kelele. Mtoto akamletea ya kwake mpaka dirishani."

"Basi tuiponde!" Mama Kasuku alisema. "Niletee nyundo. Niletee, nakwambia!"

"Polepole, binti yangu. Ukiiponda, sauti itamwagika kama maji mchangani, na nani ataizoa? Afunguliwe mlango, atoke kama watu wanavyotoka. Na afungue aliyefunga."

Fundi Meno alitikisa kichwa. "Shangazi, mlango huo haufunguki. Gundi hii haishiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kingo mbili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Pale hakuna mlango tena, kuna ukuta wenye sura ya mlango."

"Basi utaukata. Lakini sikiliza vizuri. Ukishaanza, usisimame. Mlango ulioachwa nusu humpa anayetoka nafasi ya kuchagua cha kuondoka nacho."

Waliigeuza nyumba ndogo ielekee mlango wa chumba, na mlango wa chumba wakaufungua wazi kuelekea uani, na geti la ua wakalifungua kuelekea barabara inayokwenda reli ya zamani. Mama Kasuku alikaa kitini, mtoto mapajani. Fundi Meno alichukua msumeno mwembamba kuliko yote aliyokuwa nayo, ule wa kutenganishia meno ya plasta. Mlango wenyewe ulikuwa mdogo kuliko gego. Aliushika msumeno kama alivyoushika maelfu ya mara.

Akakata upande wa juu. Ukakubali. Akaanza upande wa kulia.

"Baba," nyumba ikasema.

Aliendelea.

"Baba, unaniumiza."

"Usimjibu," Shangazi alinong'ona.

"Baba, ni mimi Kasuku, unanikata mguu, baba, acha, nitakuwa mtoto mzuri, nitanyamaza, sitaongea tena, mwambie mama nitanyamaza." Na sauti ikalia, kilio kile cha mtoto aliyeanguka ambacho baba hukijua hata katikati ya watoto mia, na kile kilio kikapanda kutoka kwenye meno ya msumeno, kikapita kwenye vidole vya Fundi Meno, kikaingia kwenye mifupa ya mkono, na yeye, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na mkono usiotikisika mbele ya mdomo wa mtu yeyote, akajikuta anamwona mwanawe amebanwa mle ndani gizani, na damu, na msumeno ni wake.

Mkono ukasimama.

Kilio kikanyamaza papo hapo. Halafu mle ndani mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha Kasuku, kile kinachoanza kama kwikwi na kumshinda mwenyewe, lakini aliyekicheka alikuwa anakionja, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Kata!" mkewe alipiga kelele. "Baba Kasuku, kata!"

Hakuweza. Aliyeshuka kitini ni mtoto. Kasuku alipita chini ya mkono wa mama yake, machozi yakimtiririka, akaweka kiganja chake kidogo juu ya mkono wa baba yake na kuusukuma. Msumeno ukasogea. Akausukuma tena. Wakakata pamoja mpaka kona ya chini, na kipande kile kikadondoka mezani kwa mlio mdogo kama wa punje ya mchele.

Kitu kikapita. Kilikuwa baridi, kilikuwa na moshi, kiliwagusa magotini. Mlango mkubwa ukajibamiza ukutani. Mbwa akabweka uani kwa jirani, mwingine akabweka mbele zaidi, mwingine mbali, mpaka kule relini. Kisha harufu ikaisha, kama mtu ameifunika kwa bakuli.

"Baba," alisema Kasuku, kwa sauti yake mwenyewe, ikitoka mdomoni mwake. "Umenibana kidole."

Mama yake alipiga magoti akamkumbatia, akicheka na kulia pamoja. Fundi Meno aliketi sakafuni. Ni Shangazi peke yake ambaye hakushangilia. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Ulisimama," alimwambia Fundi Meno.

"Kidogo tu, shangazi."

"Kidogo," alisema, akachukua mwavuli wake.

Kasuku alirudi kuwa Kasuku. Aliongea na watu, akaongea na uji. Wazazi wake walikula maneno yake kama watu waliotoka kwenye njaa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetambua kitu. Kisha jioni moja mezani Mama Kasuku aligeuza macho na kuvuta mashavu, sura ya kuchekesha ambayo mtoto alikuwa akiiomba kila siku. Kasuku aliitazama kwa makini mpaka mwisho.

"Inachekesha sana, mama," alisema kwa adabu, kama mgeni anayesifu chakula.

Mama yake akairudia. Baba akamtekenya ubavuni. Mtoto akasogea kidogo, akatabasamu, akawangoja wamalize.

Dirisha lilikuwa wazi. Nje jirani alikuwa anaanua nguo, akawaona na kuinua mkono. "Jamani, mtoto wenu ana raha! Jana nilipita kule relini nikamsikia anavyocheka, nami nikacheka njia nzima kama mwehu. Ila msimwache acheze kule peke yake."

Wakati huohuo upepo uligeuka, ukaja na kicheko: chembamba, cha mbali, kinaanza kama kwikwi, kisha kinamshinda mwenyewe. Fundi Meno aliweka kijiko chini. Mkewe aliziba mdomo kwa mkono.

Kasuku aliinua kichwa akasikiliza.

"Baba, nani yule?"

"Sijui, mwanangu. Kula."

Alichukua tonge, akalishikilia hewani, macho yakiwa dirishani.

"Anacheka vizuri," alisema. "Kesho naweza kwenda kumwomba anifundishe?"