Blogu ya Mito ya Sufi

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana. Asubuhi jua lilipoingia, sufi ilielea hewani polepole. Ilitua juu ya cherehani, kwenye nywele, na kwenye kope za watoto wake mapacha waliosinzia juu ya rundo la sufi. Aliyeingia humo alipiga miayo kabla hajasalimia.

Fundi alishona mito na magodoro ya sufi, pamba nyepesi ya mti wa msufi. Mkewe, Mama Pacha, aliichambua sufi na kuishindilia. Kazi yao ilikuwa safi, lakini barabara mpya ilipita upande wa pili wa mji, na wateja wakapita nayo. Sasa binamu yake Fundi alikuwa amempatia kazi ya ulinzi wa usiku katika mji wa mbali. Angeondoka baada ya miezi mitatu.

"Fundi wa kulaza watu anakwenda kukesha getini," mkewe alimtania. Lakini hakucheka. Hakutaka mumewe aende, na mumewe hakutaka kwenda.

Jirani yao alikuwa mama mwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Kila mtu alimwita Shangazi. Siku moja alikuja kuchukua mto wake.

"Baba Pacha, kwa nini huna blogu?"

"Blogu ndiyo nini?"

"Ni kurasa zako kwenye mtandao. Unaandika habari za kazi yako. Mtu akitafuta kwa simu, popote alipo, anazikuta. Unaandika mara moja, na mwakani bado zinasomwa."

"Kizuri chajiuza," Fundi alijibu huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Chajiuza kikionekana. Ukikifungia kabatini, kitajiuza kwa mende?"

Mama Pacha alicheka mpaka sufi ikampalia.

Shangazi akawafungulia blogu kwenye simu. Kuifungua kulikuwa bure, bando tu ndilo lililoliwa. Fundi akaandika: "Karibuni. Magodoro bora. Bei nafuu." Wiki iliyofuata akaandika maneno yale yale. Hakuna aliyesoma, ila labda mkewe.

"Hiyo ni mbiu, si blogu," Shangazi alisema. "Wateja wakija hapa huwa wanauliza nini?"

"Mto ukilowa wafanyeje," Mama Pacha alijibu. "Kwa nini godoro linafanya mabonge. Sufi na sponji, kipi kinadumu. Maswali hayo hayo, mpaka nayaota."

"Basi andikeni majibu. Semeni kweli, hata isiyowapendeza. Wekeni picha, namba ya simu na mahali mlipo. Na msiandike leo halafu mkasusa miezi sita."

Fundi alitikisa kichwa. "Nikiwafundisha watu kuchambua sufi, watafanya wenyewe. Si nitakuwa nimejichimbia kaburi?"

"Watu hawamwamini fundi anayeficha, Baba Pacha. Wanamwamini anayeeleza."

Fundi alinung'unika, lakini alikubali. Alifumba macho akawa anasema, mkewe akiandika. "Usiiloweke sufi. Fumua mshono upande mmoja. Itoe, ianike, kisha ichambue kwa vidole mpaka ilainike. Sufi ikikuwasha pua, usiilalie. Tafuta kitu kingine."

"Hilo la pua niandike?"

"Andika. Ndiyo kweli yenyewe."

Tangu hapo waliandika kila Jumamosi. Mama Pacha alipenda kuwaza kwamba kuna mtu huko mbali, amejilaza, simu i kifuani, anasoma maneno yao. Mlango wa karakana umefungwa na wao wamelala, lakini kazi yao inaongea na mgeni. Wazo hilo lilimtuliza.

Kisha swali likaja kwenye blogu: "Mto huu ulikuwa wa marehemu mama. Umekuwa mabonge. Niutupe?"

Fundi alijibu mwenyewe, hatua kwa hatua. Hakuficha kitu.

Wiki chache kabla ya safari ya Fundi, mwanamke mmoja aliingia na furushi la shuka.

"Mimi ndiye niliyeuliza habari za mto."

"Sikukueleza vizuri, dada?"

"Ulieleza vizuri sana. Nilishika mkasi nifumue mshono, mikono ikakataa. Nikasema, aliyeeleza kwa upole vile hataniharibia mto wa mama."

Fundi aliupokea kwa mikono miwili. Aliona aibu kwamba aliwahi kutaka kuficha. Alipokuwa akichambua, mgeni alikaa dirishani akitazama sufi ikipaa, na usingizi ukamchukua. Alipoamka, mto ulikuwa tayari. Aliukumbatia, kisha akaagiza magodoro ya watoto wake.

Wengine walifuata, mmoja mmoja. Waliuliza njia kwa simu na kufika wakisema, "Tulikusoma." Hawakuhitaji maelezo marefu. Walijua wanachotaka, na walijua nani anakiweza. Siku ya safari ilipofika, kazi zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni.

Binamu alipiga simu mchana huo. "Shemeji, Baba Pacha yuko wapi? Geti linamsubiri."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Alikuwa amejinyoosha kati ya mapacha, mdomo wazi, sufi ikipanda na kushuka kwenye masharubu yake.

"Amelala, shemeji," alisema. "Tafuta mwingine wa kukesha."