Jina Chini ya Kola

Kila asubuhi fundi Makame alipanda mlima. Nyumba yake ilikuwa Ipogolo, chini kabisa, kando ya barabara kuu. Kazi yake ilikuwa juu, Iringa mjini. Alipanda polepole na kifurushi chake cha chakula, huku baridi ya Julai ikimuuma masikio.

Cherehani yake ilikaa barazani kwa Mzee Muhidini, mfanyabiashara wa vitambaa. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje, akamkuta Makame. Hivyo Makame hakukosa kazi. Alikuwa amekaa pale miaka minane, na kila siku alimshukuru Mungu kwa ajili ya baraza ile.

Mzee Muhidini alikuwa pia mwenyekiti wa klabu ya mpira ya Nyota Njema. Mwaka huo wa 1956 klabu ilianzisha timu ya watoto. Wazee kumi na mmoja walijitolea, na kila mzee alitoa kitambaa cha jezi moja. Makame alizishona zote. Zilikuwa za kijani, na zilipendeza. Kisha wazee wakamwambia, "Fundi, tutarizie majina yetu chini ya kola, zisije zikachanganyika."

Makame akatarizi kwa uzi mwekundu. Muhidini. Kibwana. Na wengine tisa. Kazi ilikuwa safi, lakini matata yalianzia hapo.

Makame alikuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili, jina lake Matano. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mkali. Madereva wa malori waliosimama Ipogolo kunywa chai walimtazama akicheza mpaka chai ikapoa. Jumapili tatu mfululizo Matano alikwenda mechini na Nyota Njema. Jumapili zote tatu alirudi na bukta safi.

Mama yake, Siwema, aliishika ile bukta akaigeuza huku na huku.

"Matano, mmecheza wapi leo? Juu ya mkeka?"

"Sikucheza, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sina jezi."

"Huna jezi? Baba yako ameshona kumi na moja!"

"Kila jezi ina mwenyewe, mama. Mzee mwenye jezi ndiye anayesema nani aivae. Anampa mwanawe au mjukuu wake. Mjukuu wa Mzee Kibwana anaogopa mpira, lakini anavaa."

Matano aliingia ndani. Siwema alimsikia analia. Alikasirika sana, lakini hakujua amkasirikie nani.

Makame aliporudi, mkewe alimweleza yote. Makame alifikiri kidogo, kisha uso wake ukachangamka.

"Hilo dogo, Mama Matano. Nitatafuta kitambaa cha kijani. Nitashona jezi ya kumi na mbili, na nitatarizi jina langu."

"Uwanjani wanacheza watoto wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi ukileta jezi ya kumi na mbili, atatoka nani?"

Makame akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Atatoka mtoto wa mnyonge mwingine," Siwema alisema. "Na mama yake atashika bukta safi kama mimi. Mpeleke Matano timu ya shule ya misheni."

"Misheni? Wambadilishe dini? Na Mzee Muhidini nimwambie nini? Mimi nakula kwa baraza yake!"

Wakati huo jirani yao alibisha hodi. Alikuwa Sedekia Kalinga, bwana maendeleo, Mhehe na Mlutheri. Jioni alifundisha watu wazima kusoma, na Siwema alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa amefuata suruali yake iliyotiwa kiraka.

"Kamwene!" alisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Bwana Sedekia. Karibu. Suruali yako tayari."

Sedekia aliona nyuso zao akauliza kulikoni. Wakamweleza. Akacheka.

"Kinyozi hajinyoi, fundi! Umeivisha timu nzima, wako yuko kifua wazi."

Makame hakucheka. Sedekia akaona ametonesha kidonda. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nisamehe. Lakini niwaulize. Mmeshakwenda kuzitazama hizo timu mbili?"

"Nimesikia habari zake," Makame alisema.

"Kusikia si kuona. Nendeni wote wawili. Nendeni siku ya mazoezi, msiende siku ya mechi. Siku ya mechi kila mtu amevaa sura ya sikukuu. Na mkifika, msiwatazame sana watoto wanaocheza. Watazameni walio nje. Kwa nini wamekaa nje? Wanajua zamu yao itafika lini? Halafu ulizeni nani anachagua wachezaji, na anachagua kwa kipimo gani. Ulizeni pia jezi na mpira ni mali ya nani. Wazee wakigombana, mtoto atacheza au hatacheza?"

"Na dini?" Makame aliuliza.

"Muulize mwalimu mwenyewe, usoni. Kuuliza si ujinga."

Sedekia akainuka na suruali yake. Mlangoni aligeuka.

"Msichelewe. Jumamosi majina ya watoto yanaandikwa bomani kwa ajili ya mashindano. Mtoto akishaandikwa timu moja, hahami mpaka mwakani. Na timu itakayoshinda itapelekwa Mbeya kwa lori."

Jumanne alasiri Makame na Siwema walikwenda kutazama mazoezi ya Nyota Njema. Wazee walikuwa wamesimama kando ya uwanja, lakini hawakusimama pamoja. Watano, Mzee Muhidini akiwamo, walikuwa upande huu. Sita, Mzee Kibwana akiwamo, walikuwa upande wa pili. Kumbe kulikuwa na mkutano wa klabu Ijumaa, na Mzee Kibwana alitaka uenyekiti.

Watoto walianza kucheza. Matano alikaa chini pembeni, mikono magotini. Siwema alimfuata, akamwuliza taratibu, "Zamu yako lini?"

"Sijui, mama. Hakuna zamu."

Mara Mzee Muhidini akapaza sauti, "Mtoeni huyo wa Kibwana! Anatuharibia mchezo!"

Mzee Kibwana akaingia uwanjani na bakora yake, kanzu ameikunja kwa mkono mmoja. Akamfuata mjukuu wake moja kwa moja.

"Vua jezi yangu!"

"Babu, bado hatujamaliza."

"Vua, nimesema!"

Alimvua mwenyewe, kwa nguvu, mpaka kola ikapasuka. Wazee wengine watano wa upande wake nao wakaingia, kila mmoja akadai jezi yake. Watoto sita walisimama kifua wazi katika upepo, wamejikumbatia kwa baridi. Mmoja alikuwa analia kwa sauti. Mpira ulibaki katikati ya uwanja, hakuna aliyeugusa.

Makame alitazama ile kola iliyopasuka, na uzi wake mwekundu ukining'inia. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyewavua watoto wale.

Mzee Muhidini akamwita kando. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Makame, mwanao anajua mpira. Nimemwona siku nyingi."

"Ahsante, mzee."

"Jumapili atacheza. Nitampa jezi yangu mwenyewe. Lakini Ijumaa kwenye mkutano, mkono wako uinuke upande wangu. Na wale mafundi wenzako wa mtaani, walete. Wewe ni mtu wa baraza yangu. Sitarajii mkono wako uende kwingine."

Makame aliinamisha kichwa. Aliaga bila kuahidi. Wakateremka kuelekea Ipogolo, wakafika nusu ya mlima.

"Atacheza, Mama Matano," Makame alisema. "Si ndilo tulilotaka?"

"Atacheza mpaka lini?" Siwema aliuliza. "Mpaka siku utakayoinua mkono vibaya. Siku hiyo watamvua kama yule."

Alhamisi walikwenda shule ya misheni. Makame alitembea kwa kusitasita, maana aliogopa kuonekana. Mlangoni mwa stoo kulikuwa na karatasi imebandikwa. Siwema aliweka kidole juu yake. Akasoma herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa.

"Haya ni majina ya watoto," alisema. "Ishirini na wawili. Hawa wanacheza nusu ya kwanza. Hawa wanacheza nusu ya pili. Baba Matano, nimeisoma mwenyewe!"

Ndani ya stoo kulikuwa na sanduku la jezi za manjano, zilizopauka. Makame alichukua moja. Akageuza kola, kama fundi anavyofanya. Chini yake hapakuwa na jina.

Mwalimu Yohane, mfundishaji wa timu, alikuwa mtu mkali. Aliwafokea watoto mpaka Siwema akashtuka. Lakini aliwafokea wote sawasawa. Makame akajikaza, akamsogelea.

"Mwalimu, mimi ni Mwislamu. Mwanangu akija hapa, utamfundisha nini?"

"Nitamfundisha kupiga pasi," Mwalimu Yohane alisema. "Watoto watatu wa Kiislamu ninao. Wakitoka chuo cha Kurani, wakimaliza sala yao, ndipo tunaanza. Siku ya kuwaingiza darasa la dini bila ruhusa yako, njoo umchukue mwanao, na uniseme mji mzima."

"Na wachezaji unawachaguaje?"

"Anayekuja mazoezi anacheza. Asiyekuja hachezi. Karatasi iko mlangoni, kila mzazi anaiona."

"Na wewe, una mwana humu?" Siwema akauliza.

Mwalimu Yohane akaonyesha mtoto aliyekaa chini kwenye nyasi, amenuna.

"Yule. Juzi alikosa mazoezi. Mama yake naye hasemi nami tangu jana."

Siwema alicheka. Makame naye alicheka kidogo. Sasa alijua njia iliyo sawa, na kujua huko kulimtia hofu zaidi. Alifikiri juu ya baraza yake, na usiku ule hakupata usingizi.

Ijumaa hakwenda mkutanoni. Jumamosi asubuhi alipanda mlima pamoja na Siwema na Matano. Kwanza walipita dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana sikukuona."

"Sikuja, mzee. Nimekuja sasa kukwambia kwa kinywa changu, usije ukasikia kwa watu. Leo namwandikisha Matano timu ya shule ya misheni."

Mzee Muhidini aliweka gora la kitambaa mezani. Wateja wawili dukani waligeuka.

"Nimekunyima nini, Makame?"

"Hujaninyima kitu. Umenitendea wema miaka minane, na sitausahau. Lakini jezi yako ina jina lako, mzee. Nataka mwanangu acheze kwa mguu wake, asicheze kwa mkono wangu."

"Baraza hii ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

"Basi ondoa cherehani yako."

 Makame alitoka nje, akakunja vitambaa vya wateja kimoja kimoja. Siwema alichukua kiti na mkasi. Walikwenda bomani, jina la Matano likaandikwa. Kisha Makame akajitwika cherehani, wakateremka mlima. Watu waliwatazama. 

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Makame aliweka cherehani mlangoni pake, akangoja. Alitiwa shaka na kila lori lililopita bila kusimama. Kisha dereva mmoja akaleta koti lililochanika. Wa pili akaleta turubai. Wanawake wa Ipogolo wakagundua kwamba hawana haja tena ya kupanda mlima kwa ajili ya pindo la kanga. Kazi ikarudi, kidogo kidogo.

Na Jumapili Matano alirudi nyumbani na bukta nyeusi kwa tope. Alikuwa amecheza nusu ya pili, kama karatasi ilivyosema. Siwema aliifua ile bukta huku akiimba.

Mwezi wa tisa Nyota Njema ilifika mechini na watoto watano tu. Jezi nyingine zilikuwa zimefungiwa makabatini mwa wazee. Refa alivunja mchezo, akawapa misheni ushindi. Timu ya misheni ilikwenda Mbeya kwa lori. Ilifungwa mabao mawili kwa moja, na hilo moja lilitoka mguu wa kushoto wa Matano.

Siku chache baadaye Makame alikuwa akishona mlangoni. Aliinua macho akamwona Mzee Muhidini anateremka mlima, peke yake, na furushi kwapani. Hakuwahi kumwona Ipogolo hata siku moja. Makame alisimama haraka.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba." Mzee alikaa, akapumua. Akafungua furushi. Ndani yake mlikuwa na jezi kumi na moja za kijani. "Nimezunguka nyumba kumi kuziomba. Kwa Kibwana nilikwenda mara nne. Wajukuu zetu wote wanataka kwenda misheni, Makame. Wanasema kule jezi haina babu."

Makame hakujua acheke au alie.

"Tumekubaliana ziwe mali ya timu," mzee aliendelea. "Na karatasi tutabandika mlangoni. Baraza yako bado iko tupu, ukiitaka. Je, Matano atarudi?"

"Mwaka huu ameshaandikwa, mzee. Mwakani tutakuja, mimi na mama yake. Lakini tutakuja kutazama kwanza."

"Kutazama nini?"

"Watoto waliokaa nje."

Mzee Muhidini aliitikia kwa kichwa. Kisha alichambua zile jezi akatoa moja. Akageuza kola, akaisukuma mezani mbele ya fundi.

"Anza na langu," alisema.

Makame akachukua wembe, akaanza kuufumua uzi mwekundu.