Njoo na Ndugu

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanja wa shule pale Kamunyonge, mjini Musoma, ulikuwa hautazamiki. Mbwa wa mitaa yote walikuwa wameletwa, wengine kwa minyororo ya baiskeli, wengine kwa kamba za katani, wengine wamefungwa ndani ya viroba vichwa vikiwa nje, na kila mmoja anamtukana mwenzake kwa lugha ya kwao. Vumbi, mikojo, kelele. Katikati ya hayo yote alisimama Marieta, msusi wa saluni moja karibu na soko, amevaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa sawasawa, rasta zake ndefu amezibana nyuma. Ungemwona ungesema amekosea njia ya kwenda kanisani.

Kamba aliyoishika ilikuwa shingoni kwa Watachoka. Jina hilo alilitoa marehemu mama yake, Flora, kuwajibu majirani waliokuwa hawaishi kumsema. Mbwa mwenyewe alizaliwa kwa mapadri kule Nyegina, nusu jamani shepadi, wale mbwa wa polisi, nusu wa kienyeji, sikio moja limesimama na lingine limekata tamaa. Mgongoni, karibu na mkia, alikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa ndimu, ulionyonyoka manyoya.

Na hapa niseme mapema, msije mkadhani huyu binti alikuwa anahangaikia mbwa tu. Marieta naye alikuwa na uvimbe wake. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, kwa chini, mdogo, haumi. Aliugusa siku moja anaoga, akajifanya hajaugusa, akamaliza kuoga. Juma hilohilo ndipo alipouona wa mbwa. Tangu hapo akajiwekea agano moyoni ambalo hakumwambia mtu: kivimbe cha mbwa kikiwa salama, na changu ni salama. Ujinga, ndiyo. Lakini hofu haijasoma, na anayezama hushika hata jani.

Foleni ikafika. Daktari wa mifugo alikuwa kijana mrefu, koti jeupe limegeuka kahawia, mabuti ya mpira miguuni, jasho linamtiririka, na bado anatabasamu.

"Huyu anaitwa nani?"

"Watachoka."

"Nani watachoka?"

"Wote mnaouliza."

Daktari akacheka mpaka mbwa akatikisa mkia. Akachoma sindano haraka, mnyama hata hakushtuka. Kisha mkono wake ukateleza mgongoni, ukafika kwenye uvimbe, ukatulia hapo. Marieta akamtazama usoni.

"Ni kansa?" akauliza.

"Sijui. Mbwa huotaga vivimbe vya kila aina, vingine havina neno. Lakini vidole havina macho, dada. Tukitoe, tupeleke kipande maabara kule Mwanza, ndiyo tutasema kitu. Mimi ni Yusto, kliniki yangu iko Bunda. Nipe namba."

"Yangu au ya mbwa?"

"Mbwa hapokeagi simu."

Ndivyo walivyoanza.

Bunda walimlaza Watachoka juu ya meza ya bati, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Marieta alimshika kichwa. Yusto alichoma ganzi, akapasua taratibu, na ndani ya kile kivimbe ukatoka uji mweupe mzito, kama chaki iliyolowa. Marieta alitaka kutazama pembeni akashindwa. Alijiuliza kama ndani yake mwenyewe nako kuna kitu cha namna hiyo. Akaegemea ukuta.

"Unaogopa damu?" Yusto aliuliza huku anashona.

"Siogopi damu."

"Basi unaogopa nini?"

"Nakuogopa wewe na hicho kisu," akajibu, wakacheka wote, na uongo ukapita salama.

Kipande kikatiwa kwenye kichupa cha dawa, kikaenda Mwanza. Majibu yakachelewa, na mapenzi hayakuyasubiri. Yusto alipiga simu asubuhi kuuliza hali ya mgonjwa, mchana akapiga kuuliza mgonjwa amekula nini, jioni akawa hata hamkumbuki mgonjwa.

"Mama Watachoka."

"Abee."

"Leo umevaa nini?"

"Nimevaa aproni, nina mikono imejaa dawa ya nywele. Niache nifanye kazi."

"Na mimi nimetoka kuzalisha ng'ombe. Tumefanana. Nikuoe tu."

"Kaoge kwanza," Marieta alisema, na Jenipher, msusi mwenzake, akamwona anatabasamu peke yake kwenye kioo.

Jumapili walikula sato wa kuchoma kando ya ziwa, Mwisenge. Yusto alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari, akanukia sabuni. Alipomkumbatia, Marieta alimpa upande wa kulia. Kila mara ilikuwa hivyohivyo, wa kulia. Yusto aliliona hilo akalimeza, akajiambia labda huyu binti ana nusu ya moyo kwa mtu mwingine. Hakuuliza. Wanaume wa kwetu huwa wanaona kuuliza ni kujishusha, na hapo ndipo wanapopotezeaga vitu vizuri.

Siku majibu yalipotoka, Marieta alikuwa anamsuka mteja. Simu ikaita, akaibana kwa bega.

"Mpenzi, Mwanza wamejibu."

Mkono ukasimama kwenye nywele za mteja. "Wamesemaje?"

Sasa Yusto naye, mtoto wa watu, alikuwa na furaha yake. Alitaka amwone Marieta usoni anapoambiwa, halafu wakale, halafu amwambie na la pili alilolibeba muda mrefu. Kwa hiyo akaikunja sauti ikawa nzito, kwa utani.

"Haya siyo maneno ya simu. Njoo Bunda kesho."

Hakujua amesema nini. Miaka ile Marieta akiwa bado shule, nesi alimpigia mama yake simu kwa maneno hayohayo: haya siyo maneno ya simu, mama, njoo na ndugu. Ndugu hakuwepo. Baba alishaondoka zamani, hata kaburi lake halijulikani. Ndugu akawa Marieta, na sketi yake ya shule. Daktari aliongea juu ya kichwa cha Flora, akimtazama mtoto, na mtoto ndiye aliyeyabeba yale maneno ya kansa mpaka nyumbani. Pasaka iliyofuata walimzika mama Butiama. Tangu hapo, mtu akimwambia njoo nikwambie, Marieta husikia koleo la kaburi.

Alikata simu. Akaizima. Akamwambia Jenipher, "Nimalizie huyu dada," akavua aproni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa bibi."

"Na Yusto?"

"Mwambie asinitafute."

Alimwomba jirani mwenye gari, Probox, amchukue yeye na Watachoka, mbwa akakaa buti kichwa kimetoka dirishani, mshono mgongoni umeshapona, anafurahia upepo. Ndilo lililomuumiza zaidi, ile furaha yake. Marieta aliamini anampeleka kufa karibu na aliyempa jina. Na kama mbwa anakufa, basi agano ni agano, na yeye yuko njiani nyuma yake.

Butiama kulikuwa na baridi kidogo, na yale mawe makubwa juu ya kilima yamekaa kama siku zote. Bibi Matrida aliwapokea bila maswali, akapika ugali wa mtama na muhogo, akamtazama mjukuu anavyouzungusha mkononi bila kuula.

"Una mimba?"

"Hapana, bibi."

"Basi kula."

Hakulala vizuri, wala kesho yake hakufanya kitu cha maana. Alifagia kaburi la mama, akakaa ukingoni, kiganja chini ya titi la kushoto. Kivimbe kipo. Alitoa mkono. Akarudisha. Kipo bado, na sasa aliona kimekua, kwa sababu hofu ina vipimo vyake. Alitaka kumwita mama, akaona haya, maana angemwambia nini? Kwamba alimwona mama anakufa kwa kuchelewa, na yeye anachelewa vilevile, tena kwa makusudi?

Mchana pikipiki ikaguruma kwenye njia. Watachoka akabweka mara moja, akaitambua, akakimbia. Yusto aliteremka na vumbi mpaka kope, koti la ngozi limemshika mgongoni. Jenipher alikuwa amemwelekeza. Alikatazwa, ndiyo, lakini Jenipher hajawahi kukatazika. Akamsalimu bibi, "Shikamoo bibi," akapewa kigoda, hakukaa. Akaja moja kwa moja kaburini.

"Umenizimia simu."

"Sema ulichokuja kusema."

"Kama una mtu mwingine, Marieta, niambie. Mimi ni mtu mzima. Lakini kunizimia simu kama mdaiwa..."

"Yusto, mbwa wangu anakufa au hafi?"

Alishangaa. Alimtazama, akamwona alivyokonda uso kwa muda mfupi hivyo, midomo imekauka, na utani wote ukamtoka.

"Hafi," alisema taratibu. "Ni uvimbe wa shina la unywele. Pale unywele unapoota, chembe zinajijazia tu, zinafanya kidonge. Hausambai, hauui. Tumeshautoa, basi. Labda siku moja utaota mwingine, tutautoa na huo. Nilitaka nikuone unafurahi. Ndiyo maana sikusema kwenye simu."

Marieta akaanza kulia. Yusto alidhani ni furaha, akatabasamu, akapiga magoti amshike. Ila kilio hakikuwa cha furaha. Kilitoka chini kabisa, na Watachoka mwenyewe akaja kulaza kichwa kwenye sketi yake.

"Nilisema kikiwa salama nitapona," alisema. "Mbona naogopa vilevile?"

"Utapona nini?"

Hapo ndipo alipomwambia. Alimwambia yote, la mama, la nesi, la kuoga, la agano. Alisema huku anatazama saruji ya kaburi, na alipomaliza alimshika Yusto mkono, akauweka pale pale alipokuwa anapaficha. Yusto hakuutoa. Ule upande wa kulia aliopewa kila Jumapili akauelewa.

"Niambie ni wa unywele," Marieta alinong'ona. "Wewe si daktari? Niambie tu."

"Siwezi. Mimi ni daktari wa ng'ombe na mbwa. Nikikwambia si kitu nitakuwa nakudanganya, nikikwambia ni kitu nitakuwa nakudanganya." Akamgusa mbwa kichwani. "Na mbwa hawezi kukuugulia, Marieta, wala kukuponea. Watachoka amepimwa chake. Chako hakijaangaliwa na mtu."

"Naogopa."

"Hata mimi. Sijawahi kuogopa hivi. Kesho tunakwenda Musoma hospitali." Akapangusa vumbi usoni. "Na kuna la pili nililolileta. Nataka kukuoa. Nilipanga kusema Bunda, na soda mezani, nimevaa vizuri."

"Usinioe mgonjwa."

"Hujaambiwa unaumwa."

"Basi ngoja majibu. Yakiwa mazuri, njoo uniulize tena."

"Nikingoja majibu nitakuwa nimeoa majibu, sijakuoa wewe. Nataka jibu lako kabla."

Hakumpa. Alinyanyuka, akakung'uta sketi, akaingia ndani. Bibi Matrida, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni, akampakulia mgeni ugali, akamwekea na samaki aliyekuwa amemficha.

Walikwenda. Hospitalini wakamwingiza, wakamchoma sindano nene, wakachukua kipande, na safari hii aliyesubiri nje alikuwa daktari. Kisha wakarudishwa nyumbani kungoja. Marieta alisuka watu kimyakimya, Yusto alipiga simu zake zote tatu, lakini hakurudia swali lake, hata kwa utani. Ilipofika siku, simu iliita kwa namba asiyoijua, na nesi akasema kwa sauti ya kazini kwamba majibu yametoka, aje kesho, aje na ndugu.

Usiku ule tuuache, haukuwa na la kusimulia.

Asubuhi walikaa kwenye benchi la korido, wamebanana na watu wengine, harufu ya dawa ya kufutia sakafu imewajaa puani. Marieta alivaa lile gauni la bluu, Yusto lile shati jeupe. Kila mlango ulipofunguka, Marieta alinyanyuka nusu, akakaa tena. Alikuwa binti wa sketi ya shule tena, ila safari hii yeye ndiye aliyekaa upande wa mama.

Nesi akatoka, mama mmoja mnene mwenye miwani, akaita jina lake.

"Nimefika."

"Tulikwambia uje na ndugu. Yuko wapi?"

Ndugu yupi? Bibi hawezi safari. Mama yuko Butiama chini ya saruji.

"Na huyu kaka?" nesi akauliza. "Ni rafiki? Rafiki atangoja hapa."

Yusto alinyanyua uso. Angeweza kusema. Neno lilikuwa ulimini, na nesi alikuwa analingoja, lakini halikuwa lake kulisema, kwa kuwa aliliomba na hakupewa. Akafunga mdomo, akatazama viatu vyake, na Marieta aliona taya linavyomcheza kwa kujizuia.

Marieta akasimama. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa Yusto, akamvuta juu, akajibana kwake kwa upande wa kushoto.

"Ndugu yangu ndiye huyu," alimwambia nesi. "Ni mume wangu."

Nesi akawatazama juu ya miwani, akausukuma mlango kwa bega. "Haya, ingieni wote wawili."

Walianza kutembea. Yusto aliinama sikioni kwake.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi," alisema Marieta. "Tembea."