Maji Yaliyogoma Kutulia

Nilikuwa nahesabu matone. Moja, mawili, matatu. Dawa nyekundu ndani ya kichupa cha maji ya bwawa, jua linazama upande wa Nyanungu. Rangi ikatokea kama ganda la chungwa bivu. Asidi iko sawa. Klorini nilishapima, nayo sawa.

Maji bado yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

Wiki nzima nilihangaika na bwawa hilo la kuogelea, nyuma ya jumba la Machage, tajiri wa dhahabu. Kemia nilisoma mpaka kidato cha nne, na kazi ya mabwawa nilijifunzia hotelini Mugumu. Maji machafu hayana miujiza. Unasawazisha asidi, unatia klorini, unamwaga shabu ya kushikanisha uchafu, unazima pampu, unasubiri. Uchafu unazama, unaufyonza. Asubuhi unaiona sakafu.

Hapa uchafu ulizama mara tatu. Mara tatu, ikifika jioni, ulipanda tena.

Na harufu... Si ya klorini. Udongo mbichi na jasho la wanaume.

"Mama Beryl."

Alikuwa Waisiko, mpishi wa nyumba ile. Amebeba kandambili mkononi asisikike.

"Beryl wako yuko wapi?"

"Nyumbani, na bibi yake."

"Hayupo. Bosi amemfuata na gari. Amemdanganya kwamba unamwita."

Kichupa kikaniponyoka.

"Anamtakia nini?"

"Dada, wewe unapima maji tu. Shimo lenyewe hukuliuliza? Hakulichimba liwe bwawa. Lilikuwa duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu. Liliporomoka masika yaliyopita, watu wakiwa chini."

"Si alisema wale vijana wake wa machimbo wamemwibia, wamevukia Kenya pale Sirari?"

"Wavuke na miguu ipi? Kaka yangu Waitara alikuwa zamu." Alinong'ona haraka. "Duara likila watu, machimbo yote yanasimama mpaka watolewe. Ndiyo desturi. Huyu hakutaka kusimama. Akaleta tingatinga, akafukia nusu, akapiga zege, akabandika vigae. Sasa hivi nimemsikia kwenye simu na mganga wake. Wa chini wanataka mtoto wa kike. Wakipewa, watatulia."

Geti likalia.

Machage alikuja amemshika mwanangu shingoni, kama anavyoshikwa mbuzi. Miaka tisa. Sare ya shule. Kiatu kimoja.

"Mwachie, bosi."

"Wewe si ndiye fundi? Siku saba umeshindwa. Waache na wengine wajaribu."

"Mwachie mtoto!"

"Anaoga tu. Mtoto gani hapendi maji?"

Akamtupa.

Hakuna tone lililoruka. Maji yalifunguka, yakampokea, yakajifunga.

Nilikuwa na mpini mrefu wa brashi ya kusugulia. Nilimpiga nao usoni. Kitu kikavunjika, nadhani pua. Akanidaka nywele, akanigonga kichwa kwenye ukingo. Mara ya pili vigae vilikuwa vyekundu. Mkono wangu ukapapasa, ukapata ndoo ya klorini ya unga.

Nikamjaza unga machoni.

Alinguruma kama fahali anayehasiwa. Akarudi nyuma. Hatua moja. Mbili...

Hapo maji yakatulia.

Weupe wote ulizama mara moja, nikaona mpaka chini. Vigae vya sakafu vilikuwa vimebinuka. Wanaume walisimama pale, tope limejaa mpaka kwenye meno, tochi zinawaka vichwani. Walikuwa wamempandisha Beryl mabegani, kama wanavyopandisha kiroba cha mawe.

Mikono mingine ikatoka ukingoni.

Ilimshika Machage vifundo vya miguu. Mfupa wa kwanza ulilia kabla hajayagusa maji. Hawakumzamisha. Walimkunja. Mgongo, halafu magoti, halafu shingo, kama mtu anayevunja muwa agawie watoto. Alipiga kelele mpaka pale kichwa kilipogeuka kutazama visigino vyake.

Waisiko hakuziba macho.

"Mvute, ndugu yangu," alisema taratibu. "Mvute kabisa."

Niliingia mpaka kifuani, nikamnyakua mwanangu. Anahema. Ana joto. Nilipogeuka, bwawa lilikuwa jeupe tena, na utando mwekundu juu.

Pampu niliiacha inazunguka. Nilimfunga Beryl kanga ya Waisiko, nikambeba mgongoni. Njia nzima alikuwa mzito. Mzito sana kwa mtoto wa miaka tisa.

Nyumbani mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita dani, alikuwa ameshasonga ugali. Aliona damu usoni kwangu, akanisogezea maji ya kunawa. Nikapakua dagaa. Nikahesabu watu kama ninavyohesabu kila siku: dani, wanangu Okello, Aoko na Beryl, na mimi. Wote tupo. Hakuna aliyepungua.

Beryl alikula bila kuinua kichwa. Matonge makubwa, ya mtu aliyetoka kupiga sururu. Alimaliza sahani yake. Akavuta ya Aoko. Akakwangua sufuria kwa kucha.

"Beryl. Hujashiba tu?"

Akanitazama, mpole, macho yake yaleyale.

"Mimi nimeshiba, mama. Wenzangu bado."

Dani aliacha kutafuna.

Nikainuka, nikabandika tena maji ya ugali, ya kutosha zamu nzima, nikachochea kuni.