Usilambe Kidole, Zuena

Soko la Bukoba mwaka ule wa themanini na saba, jamani, kelele zilikuwa zile zile ila macho ya watu hayatulii. Kila mtu anamkagua mwenzake: huyu amekonda, yule ana kikohozi. Na katikati ya kelele hizo Zuena, gauni la njano, ushungi mweupe, kasimama mbele ya meza ya samaki anasoma. Anasoma nini? Karatasi aliyofungiwa sangara!

"Dada, samaki anapoa," muuzaji akamtania. Magesa, kijana mrefu, analeta samaki wa kubanika kutoka kisiwa cha Bumbire.

"Samaki wako alishakufa, ataniambia nini? Hapa watu wamefika kwenye nyota, chombo kimeharibika, halafu wewe umechana! Ukurasa unaofuata uko wapi?"

"Kaondoka nao mama mmoja. Kafungiwa kambale."

"Muuaji mkubwa wewe!"

Magesa alicheka mpaka akasahau kumrudishia chenji. Wiki iliyofuata akamletea kitabu kizima. Kisha boksi.

Zuena alikuwa anauza khanga kwenye duka la Mzee Hamidi, na sasa wateja wanamkuta kainama. Hewa ya mwezini, damu inavyozunguka, wafalme wa zamani, siasa za ukoloni, watu wenye mashine ya kurudi jana, vyote anasoma. Analamba kidole, anafungua. Analamba, anafungua.

Simu ya dukani ikilia, ni Magesa, anapiga kutoka bandari ya Kemondo.

"Haloo! Niitieni msomi wangu."

"Msomi wako ana kazi."

"Leo tuko wapi, Zu?"

"Kwenye mapinduzi. Mfalme anakatwa kichwa."

"Na mimi nikija unanikata?"

"Wewe nakukata huo mdomo."

"Basi Jumamosi nakuja nao. Nina neno, lakini si la kwenye simu."

Neno gani tena? Zuena alilijua, akageukia ukutani acheke peke yake.

Siku mbili baadaye shangazi yake Kokubanza akaingia kutoka Kanazi na mkungu wa ndizi. Akaona kitabu. Mkungu ukaanguka puu!

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwa Magesa, shangazi."

"Hiki ni cha mwalimu Ildefons, jirani yetu! Juliana imemmaliza yeye na mkewe. Godoro tumechoma, sahani tumefukia. Vitabu ndugu wakawauzia wavuvi wafungie samaki!"

Juliana, ndivyo watu walivyouita Ukimwi. Shangazi akamwangalia Zuena kidole. Kilikuwa bado kina mate.

"Mwana wange... unavilamba?"

Zuena akakificha kidole kwenye khanga.

"Vita ya Kagera tulisikia mizinga inakotokea, tukakimbilia upande wa pili," shangazi akanong'ona. "Hii tukimbilie wapi?"

Kesho yake homa ikaanza, meno yanagongana. Zuena akavipekua vile vitabu vyote, kurasa anazigeuza kwa kijiti. Cha sayansi kilijua ndui, kilijua tauni. Cha hadithi kilishafika mwaka elfu mbili, watu wanakula vidonge badala ya ugali! Juliana hamna popote. Vinajua nyota, havijui Bukoba. Na zile karatasi za samaki je? Si nusu ya mji imeshakula?

Simu ikalia. Akashika kwa mikono miwili.

"Magesa, usije."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Kuna mtu mwingine." Akakata. Bora amchukie kuliko amsogelee afe.

Jumamosi si akaja! Shati jipya, jicho jekundu.

"Nani? Yule Zahoro mwenye gari?"

"Usinisogelee!"

"Nitajie jina lake niondoke."

"Hakuna mtu!" Zuena akapasuka kulia. "Vile vitabu ni vya marehemu wa Juliana! Nimevilamba vyote, nina homa, nakufa. Toka!"

Magesa akachukua kitabu mezani. Akalamba kidole, akafungua. Akalamba tena.

"Unafanya nini, kichaa wewe!"

"Nasoma."

"Kusoma kwenyewe hujui!"

"Nitajifunza. Kama kifo kiko humu, tugawane."

Zuena akampiga mkono kitabu kikaruka. Mzee Hamidi akatoka nyuma: "Nendeni hospitali, mnanifukuzia wateja!"

Hospitalini nesi Adventina akawasikiliza, akapima: malaria. "Na hizo kurasa haziambukizi, mdogo wangu. Mate hayana kosa, mkono hauna kosa. Ni damu, na kulala pamoja."

Zuena alicheka huku analia. Kugeuka, Magesa hacheki. Anaangalia sakafu.

"Magesa?"

"Bumbire nilikuwa na mwanamke. Limi. Kabla yako, Mungu shahidi."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana. Wakasema karogwa."

Uoga wote uliokuwa kwenye karatasi ukahamia kwa mtu.

"Neno lako lilikuwa nini?" Zuena akauliza.

"Nilitaka kukuoa. Sasa sina mdomo."

Akakunja shati, akatoa mkono wapime. Damu ikapelekwa mbali, na majibu yakachelewa mpaka msimu wa senene ukaja ukaisha.

Siku ya majibu Zuena alikuwa dukani. Magesa akaishia mlangoni, hakuingia.

"Ninayo," akasema. "Nimekuja kuaga. Narudi kisiwani."

Wateja wawili wakarudi nyuma mpaka ukutani.

"Huendi," Zuena akasema. "Kuolewa nawe siwezi kukuahidi, Magesa. Naogopa, sikudanganyi. Lakini kisiwani nani atakuchemshia uji? Nani atakusomea?"

"Watu watasema na wewe unayo."

"Watasema. Ingia."

Akaingia. Zuena akanyoosha mkono juu ya khanga, mbele ya wateja, katika mji ambao watu walikuwa wameacha hata kusalimiana kwa mikono. Magesa akaukodolea macho tu.

"Shika," Zuena akamwambia. "Nesi kasema hauna kosa."

Akaushika.