Kibao cha Duka Lililobomolewa

Ukurasa ulitakiwa kuwa mtupu. Fundi wa tovuti aliufungua asubuhi, chai mkononi, akasikia cherehani.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: mteja ana jina lake la tovuti, kampuni ina jukwaa, na humo jina linaelekezwa liende duka gani la mtandaoni. Jina ni kibao cha njiani. Ukibomoa duka, ng'oa na kibao. Hilo hata mwanafunzi analijua. Yeye alibomoa duka la mdogo wake, mshona magauni aliyeacha biashara alipojifungua, akasema kibao atakifuta kesho. Kesho ya mafundi mnaijua.

Kibao kikabaki kinaelekeza kwenye kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu hakikosi mpangaji.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na chumba. Pazia la mdogo wake, kitanda cha mdogo wake, na mwanamke aliyekaa kitandani amempa mgongo, anashona hewa. Kompyuta ikanuka udi na nywele zilizoungua.

Simu ikaita. "Dada," mdogo wake alinong'ona, "mtoto hanyonyi tangu jana. Nikimpa titi anageuka, anamchekea mtu kitandani. Na hakuna mtu."

"Toka humo chumbani!"

"Nimetoka. Tuko jikoni. Sasa anachekea jikoni."

Fundi alikifuta kibao. Kikarudi. Akakifuta tena, na kila alipokifuta yule mwanamke aliacha kushona akageuza shingo kidogo, shingo tu, mabega yametulia, mpaka fundi akaona pembe ya shavu, kisha pembe ya mdomo, na akaelewa kwamba akifuta mara moja zaidi wataonana uso kwa uso, akabeba kompyuta ikiwa wazi vilevile akakimbilia kwa mdogo wake.

Mganga waliyemtafuta aliwakuta huko mchana, bibi mwenye miwani na haraka zake. "Nani kamwita huyu?"

"Hakuna, bibi. Niliacha jina linaelekea pasipo na mtu."

"Na shule umesoma." Alifukiza, akasoma, akaweka sikio kifuani kwa mtoto. Cherehani ilikuwa inalia humo ndani. "Huyu hafutiki, binti. Alionyeshwa mahali, akaja. Mwonyeshe pengine, au mchimbe kaburi la huyu mtoto. Kwa mwili huu halitawachosha."

"Dada, fanya," mdogo wake alisema. "Popote. Usiniambie ni wapi."

Fundi aliwapitia wateja kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja. Alitafuta nyumba isiyo na mtoto. Akampata seremala mstaafu, mgane anayeishi peke yake, mwenye kushukuru mpaka anachosha. Akakigeuza kibao kielekee kwenye ukurasa wake.

Udi ukakatika. Mtoto akalia kwa njaa, na mama yake akalia naye.

Jua halijazama, simu ikaita.

"Binti yangu, samahani kwa usumbufu. Kwenye ukurasa wangu naiona karakana yangu, na mama mmoja kakaa kwenye benchi langu anashona. Mmemweka nyinyi?"

"Ndiyo, mzee. Ni maboresho."

"Ahsanteni sana. Ila leo nimeletewa wajukuu, na huyu mdogo hataki kutoka karakana. Anacheka tu peke yake. Nimtoe?"

Fundi alimtazama mtoto wa mdogo wake. Alikuwa ananyonya kwa pupa, ngumi imekamata gauni la mama yake.

"Mwache tu, mzee," akasema. "Atachoka mwenyewe."